Mkojo ukikatika, usichomoe mpira kwanza

"Mkojo ukiacha kutoka, kibofu kimekwisha." Dhana hii huwaponza wengi wanaojitoa mkojo kwa mpira (katheta, mrija unaoingizwa kwenye kibofu) baada ya kuumia uti wa mgongo, kwa kuwa machoni inaonekana kweli kabisa. Matundu ya mpira yapo karibu na ncha. Ukiingia sana, matundu huwa juu ya mkojo uliotuama chini, au ukuta wa kibofu kinachonywea huyaziba. Kwa hiyo uvute taratibu, kama sentimita moja, kisha usubiri. Mkojo ukianza tena, tulia hapo hapo hadi ukome, ndipo uvute tena. Usiurudishe ndani. Kinachotoka katika dakika hiyo ya mwisho, ambayo wenye haraka huiruka, ndicho ambacho kingebaki kulea vijidudu na mawe.

Wengine husema: nimejilowesha, basi kibofu kimejimwaga chenyewe. Wapi! Ndoo iliyo chini ya bomba lililo wazi nayo humwagika, na bado imejaa pomoni.

Kukamua tumbo ili mkojo utoke je? Kama msuli wa mlango wa kibofu umejifunga, na baada ya jeraha la uti hilo ni la kawaida, shinikizo linaweza kuurudisha mkojo hadi kwenye figo. Muulize daktari wako kabla ya kujaribu.

Kujinyima maji ili kupunguza safari za chooni ni hesabu mbovu: mkojo huwa mzito, mawe na maambukizi yakapata nafasi. Watu wazima wengi wanaotumia mpira hutoa mkojo kila baada ya saa 4 hadi 6. Ukipata zaidi ya mililita 500 kwa mara moja, umechelewa.

Wala kujitoa mkojo hakuhitaji usafi wa chumba cha upasuaji. Tangu mwaka 1972, Jack Lapides na wenzake huko Michigan, Marekani, walionyesha kwamba mikono iliyooshwa vizuri na mpira safi vinatosha kwa anayejihudumia nyumbani. Kibofu kilichovimba kwa kujaa ndicho hushambuliwa kirahisi na vijidudu.

Na kichwa kinachogonga ghafla, uso ukiwa mwekundu na jasho likitiririka? Si lazima kiwe kipandauso. Kwa aliyeumia uti wa mgongo kwenye pingili ya 6 ya kifua au juu yake, huenda kibofu kilichojaa kimepandisha presha kwa kiwango cha hatari. Keti wima, legeza nguo, toa mkojo mara moja. Hali isipotulia, ni dharura ya hospitali.