Wiski Iliyofunguliwa: Tazama Hewa Kabla ya Kuhesabu Siku

Wiski ikishafunguliwa haiozi. Kwenye kileo cha asilimia 40 au zaidi, bakteria na kuvu hawaishi, kwa hiyo chupa iliyokaa kabatini miaka miwili haigeuki sumu. Ladha ndiyo inayobadilika, na kinachoibadilisha zaidi ni hewa iliyojifungia humo ndani.

Chukua chupa ya mililita 750. Ukinywa mililita 50, nafasi hiyo hujazwa na hewa, na wiski iliyobaki, mililita 700, haitaisikia. Ikibaki mililita 150, juu yake kuna mililita 600 za hewa. Hapo kila mililita ya wiski inakabiliana na hewa zaidi ya mara 50 ya ilivyokuwa mwanzo. Ndiyo maana chupa iliyokaribia kujaa hukaa mwaka mzima bila tofauti ya kuonekana mdomoni, ilhali iliyoshuka chini ya theluthi huweza kuchujuka ndani ya miezi michache.

Kinachotoka kwanza ni harufu nyepesi, zile za matunda na maua. Kila ukifungua kifuniko zinaruka, na hewa mpya inaingia. Oksijeni nayo hubadilisha taratibu viambato vilivyobaki. Wiski zenye harufu ya moshi, kama nyingi za kisiwa cha Islay huko Scotland, hupoteza ukali wa moshi wake. Wapo wanaosema chupa mpya hulainika na kupendeza wiki chache baada ya kufunguliwa, na hilo linawezekana, lakini si kukomaa. Wiski hukomaa kwenye pipa la mbao tu.

Joto la Mombasa au Dar es Salaam huharakisha mambo. Mchana hewa ya chupani hutanuka na kupenya pembeni mwa kizibo. Usiku hunywea na kuvuta hewa mpya. Basi usiiweke juu ya friji wala karibu na jiko. Usiiweke dirishani pia, maana jua hufifisha rangi na ladha. Kabati lenye giza linatosha, friji haihitajiki.

Isimamishe wima. Ukiilaza kama mvinyo, kileo kikali hukila kizibo cha gome hadi kikamomonyoka. Kikivunjika, chuja wiski kwa karatasi ya kuchujia kahawa, kisha uihamishie chupa nyingine.

Chupa ikifika theluthi, hamishia kilichobaki kwenye chupa ndogo ya kioo yenye kifuniko cha kusokota, ya mililita 200 au 100. Ioshe, isuuze hadi harufu ya sabuni iishe, na iache ikauke kabisa: matone ya maji yaliyobaki yatapunguza makali. Jaza hadi shingoni, kisha andika jina na tarehe. Usitumie chupa ya plastiki. Zile chupa za urembo za kristali nazo ni za kupambia meza jioni moja: nyingi hazizibi sawasawa, na kristali yenye madini ya risasi huyaachia polepole ndani ya kileo. Hilo si suala la ladha tena, ni la afya.

Ukitaka kuhakikisha kwa ulimi wako, siku ya kufungua jaza chupa ya mililita 100 hadi juu na uifunge. Chupa kubwa ikikaribia kuisha, mimina kidogo kutoka kila moja kwenye glasi mbili zinazofanana, unuse kabla ya kuonja.