Ndege Ikikosa Kipuri: Kinachotokea Viwandani na Kinavyotufikia Kisumu

Abiria wengi wanaoruka kati ya Kisumu na Nairobi hupanda Dash 8-400, ndege ya injini mbili za pangaboi inayobeba watu 78 hivi. Uundaji wake ulisimamishwa nchini Kanada mwaka 2021. Zilizopo bado ni imara na salama, lakini zinategemea vipuri, na vipuri vya ndege ndivyo vimekuwa adimu duniani kote.

Fundi wa mtaa wa Kondele hapa Kisumu anaweza kuchomoa nati ya matatu moja akaifunga kwenye nyingine, na gari likatembea. Kwa ndege haiwezekani. Kila kipande huja na hati inayoeleza kiwanda kilichokiunda, namba yake, muda ambao kimetumika na nani alikikagua. Hati ikipotea, kipande hicho hakifungwi hata kama kinang'aa. Mwaka 2023 iligunduliwa kwamba kampuni ya AOG Technics ya Uingereza ilikuwa imeuza vipuri vyenye hati za kughushi, vingi vikiwa vya injini za CFM56, aina inayoendesha Boeing 737-800. Mashirika kadhaa ya ndege yalilazimika kufungua injini na kuving'oa. Uhaba huzaa walaghai, na mimi naiona hatari hii kuwa kubwa kuliko safari kuchelewa.

Uhaba wenyewe una mizizi mingi. Wakati wa korona viwanda viliwaachisha kazi mafundi wenye ujuzi wa miaka mingi, na wengi hawakurudi. Kisha Urusi ikaivamia Ukraine mwaka 2022, na Urusi ilikuwa muuzaji mkubwa wa titani, chuma chepesi kinachostahimili joto. Julai 2023 ikatangazwa kwamba unga wa chuma uliotumika kuunda baadhi ya sehemu za injini za Pratt & Whitney ulikuwa na uchafu unaoweza kusababisha nyufa; mamia ya ndege za Airbus zikaegeshwa zikisubiri ukaguzi. Hapa kwetu, mwaka 2025 Kenya Airways iliegesha ndege tatu za Boeing 787 Dreamliner kwa kukosa injini na vipuri.

Sekta ya ulinzi nayo imo kwenye foleni hiyohiyo. Tangu vita vianze, serikali za Ulaya zimeongeza sana maagizo ya makombora na ndege za kivita, ambazo zinahitaji titani ileile na mafundi walewale. Viwanda vinavyoweza kumimina chuma kuwa panga linalozunguka ndani ya injini ya jeti ni vichache mno, na kufungua kipya huchukua miaka.

Sisi wa magharibi mwa Kenya tuna pa kuingilia. Eldoret kuna Kenya Ordnance Factories, kiwanda cha risasi ambacho pia hufanya kazi za chuma za kiraia, kwa hiyo usahihi wa vipimo vidogo si jambo geni kwetu. Hata hivyo, sioni sababu ya kukimbilia kuunda ndege. Tuanze na matengenezo. Leseni ya fundi hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga baada ya masomo, mitihani na muda mrefu wa kushika ndege kwa mikono. Hapo kwenye mikono ndipo vijana wetu hukwama, kwa sababu karakana kubwa ziko Nairobi na kodi ya nyumba huko huwashinda kabla hawajamaliza. Kaunti zetu zingegharamia malazi yao kwa kipindi hicho, au zikashirikiana na mashirika ya ndege kujenga karakana ya mafunzo katika uwanja wa Kisumu.