Kwani kutengeneza njia ya baiskeli nako kunasomewa?

Ukimwambia mtu kuna vijana wa mtaa wanafundishwa kutengeneza njia za baiskeli na za matembezi, anacheka kwanza. Kwani jembe nalo linasomewa? Fyeka majani, lima kidogo, watu wapite. Haya nenda milima ya Pugu, pale nje kidogo ya Dar es Salaam, masika ikishaisha, tafuta njia yoyote iliyopandisha kilima moja kwa moja uone kama bado ni njia au imeshakua korongo.

Na hapo ndo kuna kosa kubwa kuliko yote, watu wanadhani kinachoua njia ni matairi na miguu. Mara nyingi muuaji ni maji. Njia ikishuka kwa kufuata kule kule maji yanakotaka kushuka basi umeyachongea mtaro mwenyewe bila malipo, kwa hiyo wanaojua huzungusha njia ubavuni mwa kilima, na kanuni yao ni kwamba mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa kilima. Yaani kama kilima kinashuka mita 3 kwa kila mita 10, njia yako isizidi mita 1 na nusu, na kwa wastani wa njia nzima wengi wanakuambia mita 1 kwa kila 10 inatosha. Unapimaje? Hamna maajabu, kamba ya mita 10, watu wawili, na pima maji ile ile ya fundi wa nyumba.

Halafu kuna wale wa "njia iwe flati kama sakafu". Hapana jamani, flati ndo maji yanakaa. Upande wa bondeni unatakiwa uwe chini kidogo, kama sentimita 5 kwa upana wa mita moja, maji yavuke njia yaende zake. Mwaga maji ya chupa uone, yakivuka poa, yakianza kukimbia kufuata njia hapo una kazi. Na hata ukiipatia leo, matairi yanasukuma udongo pembeni pole pole, panaota kituta chembamba upande wa chini, maji yananasa. Hiko kituta ndo nusu ya kazi ya matengenezo, jembe na reki, unakikwangua, unaendelea mbele.

Kulaza gogo kukata maji? Linajaa udongo upande wa juu mapema tu, likilowa linateleza, na waendesha baiskeli wanalikwepa wanafungua njia nyingine pembeni. Bora njia ishuke halafu ipande kidogo, maji yatoke yenyewe pale chini.

Kwa hiyo ukishajenga hujamaliza. Pita kabla ya vuli ya Oktoba, pita tena kabla ya masika ya Machi, na kukiwa na tope acha baiskeli nyumbani.

Ila kujua kulima sio ruhusa ya kulima. Msitu wa Pugu uko chini ya TFS, wale wakala wa misitu wa serikali, unaanza kwao sio na panga begani. Mjini vile vile, barabara kubwa za TANROADS, za mitaa TARURA, hamna kikundi cha mtaa kinachoruhusiwa kuchimba lami kisa wamesoma semina. Lakini wengi wanaishia hapo, "ya serikali hiyo", wanakunja mikono, wakati ile njia ya baiskeli ya pembeni ya mwendokasi Kimara mpaka Kivukoni, ambayo mabasi yake yalianza 2016, inataka pia vitu vidogo sana: mchanga ufagiliwe hasa kwenye kona maana tairi jembamba likigusa mchanga huku umelala umeanguka, vioo viokotwe, bodaboda waambiwe wasipite humo (hapo sijui nani atawaambia wakasikia), na mashimo yaripotiwe kwa picha na jina la kituo cha karibu. Na mifuniko ya mitaro iangaliwe pia, nondo zake zikilala kufuata mwendo wa baiskeli tairi linazama mzima mzima, zinatakiwa zikatize njia.