Kwa nini lori hugonga daraja ambalo dereva analiona?

Katika mji wa Durham, jimbo la North Carolina nchini Marekani, kuna daraja la reli lililojengwa mwaka 1940. Kutoka lami hadi chuma chake palikuwa na mita 3.56 tu. Mwaka 2008 Jürgen Henn, aliyekuwa akifanya kazi jirani na hapo, aliweka kamera, na tangu wakati huo dunia imetazama paa za malori zikichunwa moja baada ya nyingine, zaidi ya mara 100. Vibao vya onyo vilikuwepo. Taa za kumulika zilikuwepo. Mwaka 2016 ukafungwa mtambo unaopima kimo cha gari kwa mbali na kuwasha taa nyekundu, ili dereva asimame apate nafasi ya kusoma onyo. Mwaka 2019 daraja lenyewe likainuliwa kwa sentimita 20. Bado linagongwa.

Video hizo zimefika hadi kwenye simu zetu hapa Uganda, na anayezitazama hukata shauri upesi: dereva huyu hana macho. Mimi siafiki. Mtu anayetoa trela Malaba usiku, akapita foleni ya Kampala alfajiri, akapanda na kushuka milima ya Kabale hadi Katuna na tani 25 mgongoni, macho anayo. Anachokosa ni namba moja, na namba hiyo hubadilika kila anapobadilisha mzigo.

Uzito wa gari lake anaujua. Mizani ya Busitema, Magamaga na Lukaya humpimia ekseli kwa ekseli, akizidisha anazuiwa. Lakini kazi ya mizani ni uzito. Kimo ni hesabu ambayo dereva ameachiwa mwenyewe, na ni ngumu kuliko inavyoonekana.

Chukua makontena mawili ya futi 40 yanayoshushwa melini Mombasa. La kawaida lina kimo cha mita 2.59. Aina nyingine, ile ndefu inayozidi kutumika kwa bidhaa nyepesi zinazojaza nafasi, ina mita 2.90. Upana ni uleule, rangi huenda ikawa ileile, na ukisimama chini yake jicho haliwezi kukuambia lipi ni lipi. Sasa weka kila moja juu ya trela ambalo kitanda chake kiko mita 1.5 kutoka ardhini. La kwanza linafika mita 4.09, la pili mita 4.40. Chini ya daraja la mita 4.3 gari moja linapita salama, jingine linaacha paa lake pale. Na dereva ni yuleyule, trela ni lilelile, barabara ni ileile aliyoipita wiki iliyopita bila shida.

Kuna njia ya kuyatofautisha, na ningependa kila tanboi, yaani msaidizi wa dereva, aijue kabla hajafunga kamba ya kwanza. Kwenye mlango wa kontena, karibu na namba yake, kuna alama fupi ya herufi na tarakimu. Kontena la kawaida la futi 40 huandikwa 42G1, na lile refu 45G1. Tarakimu ya pili ndiyo inayoeleza kimo: 2 ni kimo cha kawaida, 5 ni kirefu. Makontena marefu mengi pia yana mistari ya njano na nyeusi kwenye kona za juu, lakini mistari hufutika kwa jua na chumvi. Soma ile alama.

Halafu kuna jambo linalowashangaza hata wazoefu: gari tupu ni refu kuliko gari lililojaa. Springi hufanya kama godoro, ukinyanyuka nalo linanyanyuka. Lori lililoshusha saruji yake hupanda kwa sentimita kadhaa, na wakati mwingine sentimita hizo ndizo zote zilizokuwa zimebaki. Kwa hiyo dereva anaweza kupita chini ya daraja asubuhi akiwa na mzigo, akashusha, akarudi jioni kwa furaha ya mtu aliyemaliza kazi, na akagonga daraja lilelile. Ukimwuliza atakwambia, "Lakini asubuhi nilipita hapa." Anasema kweli.

Barabara nayo hupanda. Lami ikichakaa, mkandarasi humwaga tabaka jipya juu ya la zamani, sentimita tatu, nne au tano. Baada ya miaka kadhaa hurudia. Kibao kilichosimikwa siku ya kwanza kinaendelea kutangaza kimo ambacho hakipo tena. Hili kosa si la dereva hata kidogo. Mhandisi anayeweka lami chini ya daraja bila kupima upya na kubadilisha kibao ameacha mtego barabarani, na sioni sababu ya kulisema kwa upole.

Mahali pengine daraja liko juu ya bonde dogo, barabara inashuka kisha inapanda. Hapo urefu wa trela nao unaingia kwenye hesabu. Magurudumu ya mbele yameshaanza kupanda, ya nyuma bado yanashuka, na sehemu ya katikati ya mzigo inaning'inia juu zaidi ya lami kuliko ilivyo kwenye tambarare. Gari fupi la kimo hichohicho lingepita. Trela refu linakwaruza.

Lakini hata mwenye namba sahihi anaweza kugonga, na hapa tunarudi kwenye macho. Dereva anakaa mbele na chini ya mzigo wake. Kilele cha kontena kiko nyuma ya kichwa chake na juu sana, hakioni kamwe akiwa anaendesha. Analoliona ni daraja tu, na kila daraja likitazamwa kwa mbali huonekana fupi. Kwa miaka mingi ameyakaribia madaraja yanayoonekana mafupi akapita bila kuguswa. Kila mara aliyopita ilimfundisha kwamba tundu linaloonekana dogo ni kubwa, na kwamba kibao kilichoandikwa kimo ni cha magari mengine. Siku kibao kinapokuwa chake, akili haikisomi. Uzoefu wenyewe ndio uliomziba.

Mwenye uzoefu mdogo naye ana balaa yake. Mtu anaendesha gari dogo wiki nzima, Jumamosi anakabidhiwa lori la Fuso au Elf lenye bodi iliyoinuka juu ili ahamishe vyombo vya nyumba. Mikono yake inajua upana wa gari kwa sababu vioo vinamwonyesha. Kioo cha kuonyesha paa hakuna. Pale Durham, mengi ya malori yanayochunwa ni ya kukodi, yanayoendeshwa na watu wanaohama.

Muda pia ni mchache. Lori lenye mzigo likienda kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde. Mpe dereva sekunde mbili za kuona, kuelewa na kukanyaga breki: tayari mita 44 zimekwisha. Ongeza mita 60 hivi za breki zenyewe kwenye lami kavu, lori likiwa limejaa. Unahitaji zaidi ya mita 100, kwa hiyo kibao kilichobandikwa kwenye daraja lenyewe kinasomeka wakati hakina faida tena. Na hata akisimama, afanye nini? Nyuma kuna teksi na bodaboda zinapiga honi, trela la mita 15 haligeuki barabarani, na polisi wa trafiki anamhimiza asizuie njia. Ndipo mtu anajiambia, labda litapita.

Ramani ya simu haimsaidii. Ramani za kawaida zilitengenezwa kwa magari madogo: zinatafuta njia ya karibu au isiyo na foleni, haziulizi gari lako lina kimo gani. Programu za malori zinazouliza zipo, lakini jibu lake ni zuri kadiri ya namba uliyoiingiza.

Uingereza, ambako reli nyingi zilijengwa karne ya 19 juu ya njia za mikokoteni ya farasi, Network Rail, shirika linalosimamia reli, huhesabu zaidi ya migongano 1,500 ya magari na madaraja kila mwaka. Katika utafiti wake, asilimia 43 ya madereva wa malori walikiri kwamba hawapimi kimo cha gari kabla ya kuondoka. Hawa ni madereva wenye leseni za juu, katika nchi ambako daraja lisilofika mita 5.03 linatakiwa kuwekewa kibao. Kama huko ni hivyo, tusidhani kwamba tatizo ni elimu ya dereva wa Kiafrika.

Kubwa kuliko yote kwangu ni tukio la Mei 2013 katika jimbo la Washington. Lori lenye mzigo uliozidi kimo liliingia kwenye daraja la chuma la mto Skagit. Vyuma vya juu vya daraja hilo vilikuwa na umbo la upinde, virefu katikati na vifupi pembeni. Lori lilipita pembeni. Mzigo ukagonga chuma kimoja baada ya kingine, na kipande kizima cha daraja kikaporomoka mtoni pamoja na magari mawili. Watu watatu waliotumbukia waliokolewa wakiwa hai. Mbele ya lori kulikuwa na gari la kuongoza lenye mti wa kupimia kimo, na dereva wa gari hilo alikuwa akizungumza kwa simu. Ruhusa ya mzigo ilikuwepo, msindikizaji alikuwepo. Hakuna aliyekuwa ameuliza kimo cha daraja pale pembeni ni kipi.

Sisi Uganda tumeponea kwa sehemu kubwa kwa sababu ya historia. Reli ilifika Kampala mwaka 1931, ikaendelea hadi Kasese mwaka 1956, na sehemu nyingi inakutana na barabara uso kwa uso, juu ya ardhi ileile. Hatari yetu ya reli imekuwa gari kugongwa na treni kwenye makutano, si paa kugonga daraja. Hilo linabadilika. Barabara ya mwendokasi ya Kampala hadi Entebbe, iliyofunguliwa mwaka 2018, ina barabara nyingine zinazopita juu yake. Pale Clock Tower, Kampala, barabara ya juu imejengwa. Mkataba wa reli ya kisasa, SGR, kutoka Malaba hadi Kampala, kilomita 272, ulitiwa saini Oktoba 2024, na reli za aina hiyo hukatiza barabara kwa kupita juu au chini yake. Madaraja mapya hujengwa marefu ya kutosha kwa lori la kawaida. Malori yanayoyagonga ni yale yasiyo ya kawaida: tipa lililosahau kuteremsha bodi baada ya kumwaga mchanga, au lobedi, trela lenye kitanda cha chini, iliyobeba eskaveta, mashine ya kuchimba, ambayo mkono wake haukukunjwa hadi mwisho.

Na kuna mzigo wa watu. Lori la matoke kutoka Mbarara, la mahindi kutoka Masindi, la ng'ombe, la miwa karibu na Kakira: juu yake mara nyingi ameketi tanboi, au mwenye mali anayelinda mali yake. Kimo cha gari hilo si kimo cha mzigo, ni kimo cha kichwa chake, na anaponyanyuka kujinyoosha kinaongezeka. Yeye hahitaji daraja ili aumie, waya wa umeme uliolegea unatosha. Nikisikia watu wakicheka video za paa zinazochunwa, huyu ndiye ninayemfikiria.

Dawa za gharama kubwa zipo. Kwenye njia ya magari inayopita chini ya bandari ya Sydney, Australia, lori lililozidi kimo likikaidi maonyo huteremshiwa pazia la maji mbele ya mlango, na juu ya maji hayo mwanga unaandika neno la kusimama kwa herufi kubwa mno. Dereva aliyepuuza taa hawezi kupuuza ukuta unaoonekana kumzibia njia.

Lakini kinachotufaa zaidi ni rahisi. Mti mrefu wenye vipimo vilivyochorwa, usimame kwenye kila yadi ya kupakilia, mtu apime baada ya mzigo kufungwa na si kabla. Namba iandikwe kwa chaki kwenye karatasi ngumu mbele ya usukani, mahali ambapo leo tunaweka stika za timu za mpira. Barabarani, nguzo mbili zenye minyororo inayoning'inia kwa kimo kilekile cha daraja, mita 200 kabla yake, penye nafasi ya kugeuza. Mnyororo ukipiga bati la kontena, sauti hiyo inaeleweka kwa kila dereva, awe Mganda, Mkenya, Msomali au Mkongo, hata kama hajui kusoma kibao.

Ikitokea lori limekwama, hatua ya kwanza ni kuwaondoa watu wote juu na chini ya daraja, kisha kuita polisi. Usirudi nyuma kwa nguvu, kwa sababu boriti iliyopasuka huenda imeegemea kontena lako. Wahandisi wakishakagua, mara nyingi lori hutolewa kwa kupunguza upepo wa magurudumu, likashuka sentimita chache na kuachia. Na kama ni daraja la reli, reli wajulishwe papo hapo, kwani pigo la lori la tani 30 linaweza kusogeza njia kiasi kisichoonekana kwa macho lakini kinachotosha kuangusha treni. Uingereza madaraja ya reli hubandikwa bati dogo lenye namba ya daraja na namba ya simu ya kupiga, ili mtu yeyote aliyeshuhudia aweze kusimamisha treni inayokuja. Bati hilo liwekwe kwenye madaraja ya SGR yetu tangu siku ya kwanza, na liandikwe kwa Kiswahili pia.