Utawala wa Kiimla: Ujerumani ya Hitler na Umoja wa Kisovieti wa Stalin

Utawala wa kiimla ni ule ambao dola haitosheki na raia kulipa kodi na kutii sheria, bali hutaka kushika pia kazi yake, malezi ya watoto wake na hata mazungumzo yake na jirani. Dikteta wa kawaida huridhika ukinyamaza; wa kiimla hudai umshangilie.

Adolf Hitler na Joseph Stalin walifanana kwa mengi: chama kimoja, polisi wa siri, kambi za wafungwa, na magazeti yaliyosema sauti moja. Walitofautiana zaidi katika swali la nani hasa alipaswa kuogopa.

Hitler, kiongozi wa chama cha Nazi, alikabidhiwa ukansela, yaani ukuu wa serikali, kikatiba tarehe 30 Januari 1933. Jengo la Bunge lilipoungua mwezi uliofuata, amri ya dharura ilifuta haki za raia, na mwezi Machi wabunge wenyewe wakaipa serikali yake mamlaka ya kutunga sheria bila wao. Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, walikuwa wachache kuliko watu walivyodhani, nao walitegemea sana majirani waliochongeana. Ukatili ulielekezwa kwa makundi yaliyojulikana: wakomunisti, Wayahudi, Waroma (waliokuwa wakiitwa Wajipsi), walemavu. Mjerumani asiyekuwamo humo, na asiyepinga, kwa kawaida alilala salama, na hilo ndilo linaloumiza zaidi, kwa sababu ukimya wa watu kama yeye uliacha njia wazi hadi Wayahudi wapatao milioni 6 wakauawa.

Chini ya Stalin, ukimya haukutosha, wala utiifu. Wakulima walisukumwa kwa nguvu katika mashamba ya pamoja, nafaka yao ikachukuliwa, na njaa ya 1932 na 1933 ikaua mamilioni, hasa Ukraine na Kazakhstan. Julai 1937 amri ya polisi wa siri, NKVD, iliupangia kila mkoa idadi ya watu wa kupigwa risasi na wa kupelekwa kambini. Maofisa wakatafuta watu wa kutimiza hesabu, na baadhi wakaomba waongezewe. Katika 1937 na 1938 waliuawa watu takribani 680,000, wakiwemo wanachama waaminifu wa chama. Nikolai Yezhov, aliyesimamia mauaji hayo, naye alipigwa risasi mwaka 1940.

Wimbi hilo lilisimamishwa Novemba 1938 kwa amri nyingine kutoka juu, ilhali mauaji ya Wanazi yalizidi kupanuka vita ilipopamba moto, na yalikomeshwa tu na majeshi yaliyoishinda Ujerumani mwaka 1945.