Jibu la juu Google si lazima liwe ndo la kweli

Jamani walimu wenzangu, wanafunzi wetu maskulini wana hii fikra ati kinachotokea mwanzo Google ndo sahihi kuliko vyengine. Sivyo. Hakuna mtu alokaa akasoma kila ukurasa akaupa maksi, ile ni programu inapanga kwa kuangalia maneno uloandika, kurasa nyengine ngapi zimeuwekea kiungo (linki) huo ukurasa na mengine mengi, na mara nyingi vya juu kabisa ni matangazo yamelipiwa.

Chukueni mfano wa hapa kwetu, mtoto kapewa kazi ya uhuru wa Zanzibar, kaandika "uhuru wa Tanzania lini", kapata 9 Disemba 1961, kanakili mbio mbio. Hiyo ni Tanganyika! Zanzibar ilipata uhuru kwa Muingereza 10 Disemba 1963, Mapinduzi yakaja 12 Januari 1964, Muungano 26 Aprili mwaka huohuo. Suali ndo lilikuwa baya. Mie hapo ndo naumia hasa, mana tunawafundisha kubonyeza hatuwafundishi kuuliza.

Kwaiyo tuwaoneshe, kabla hujauamini ukurasa, toka kwanza, fungua dirisha jengine (tab) la kivinjari utafute wengine wanasemaje kuhusu huyo alouandika, wahakiki habari ndo wanavofanya. Ukitafuta Google, maneno unayotaka yakae pamoja yatie ndani ya alama za kunukuu. Na Wikipedia msiwakataze jamani, waambieni washuke chini kwenye marejeo wayafungue wenyewe wasome, kule ndo kwenye kazi.