Mpaka wa nchi: kutoka maneno ya mkataba hadi bikoni ya Tunduma

Mpaka wa nchi ni mstari ambapo mamlaka ya dola moja yanakoma na ya dola jirani yanaanza. Mstari huo hauna upana. Unapanda angani, ndiyo maana ndege huombewa kibali kabla ya kuuvuka, na unashuka chini ya ardhi, kwa hiyo mwamba mmoja wenye gesi au makaa ya mawe unaweza kuwa mali ya serikali mbili bila dalili yoyote kuonekana juu. Mto, ufuko wa ziwa, geti la forodha na nguzo ya zege hutuonyesha mstari ulipo, lakini si mpaka wenyewe. Mpaka wenyewe ni maneno: sentensi ndani ya mkataba, pamoja na ramani kama iliambatanishwa.

Anayeishi Nyanda za Juu Kusini hana haja ya kwenda mbali kuliona hili. Kutoka Kyela hadi maporomoko ya Kalambo kuna aina nne za mpaka zilizofuatana: ufuko wa ziwa, mkondo wa mto, mgongo wa ardhi unaogawa maji, na mstari ulionyooka. Zote zilitoka katika ibara moja ya mkataba uliosainiwa Berlin tarehe 1 Julai 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani, mkataba uleule ulioipa Ujerumani kisiwa cha Heligoland na kuiacha Zanzibar chini ya ulinzi wa Waingereza. Kwa maneno mepesi, ibara ile ilisema hivi: mpaka ufuate ufuko wa Ziwa Nyasa, mashariki, kaskazini na magharibi, hadi ukingo wa kaskazini wa mlango wa mto Songwe, ukwee na mto huo hadi pale unapolikaribia zaidi bonde la Kongo, uende moja kwa moja hadi ukingo wa bonde hilo na kuufuata mpaka longitudo 32 mashariki, kisha unyooke hadi makutano ya matawi mawili ya mto Kalambo, na kushuka na mto huo mpaka Ziwa Tanganyika.

Waliosaini hawakuwa wameiona nchi hiyo. Walikuwa na michoro ya wamisionari na wapelelezi, na jambo lililowakaa Waingereza moyoni lilikuwa barabara ya Stevenson, njia ya mizigo kati ya Nyasa na Tanganyika, ibaki upande wao. Ilibaki.

Mpaka hutengenezwa kwa hatua, na ni vizuri kuzitenganisha kwa sababu kila hatua ina ugonjwa wake. Ya kwanza ni mgawo: wakubwa wanakubaliana kisiasa nani achukue wapi. Ya pili ni uainishaji, yaani mgawo kuandikwa kwa maneno na kuchorwa. Ya tatu ni kuweka alama ardhini: wapimaji wa pande zote mbili wanatembea pamoja na kusimika nguzo. Ya mwisho, isiyoisha, ni utunzaji, ambao wizara yetu ya ardhi huuita uimarishaji wa mpaka: kufyeka, kukagua, kurudisha nguzo zilizoanguka na kuongeza nyingine katikati. Mwenye kiwanja kilichopimwa anaijua safari hii: kuna barua ya toleo, kuna mchoro, kuna bikoni, yaani nguzo ya alama, na kuna jirani anayelima hadi juu ya bikoni. Kati ya Nyasa na Tanganyika, mgawo na uainishaji vilifanyika 1890, tume ya pamoja ikaingia porini 1898, na matokeo yake yakathibitishwa kwa makubaliano ya 1901. Kwa miaka minane, basi, mpaka ulikuwepo kisheria ilhali hakuna mtu ambaye angeweza kukuonyesha kwa kidole unapita wapi.

Tuanze na Tunduma, kwa kuwa ndipo wengi wanapovuka. Hapa mpaka unafuata mgongo wa bonde la Kongo. Mvua ikinyesha upande wa Nakonde, mji wa Zambia ulio ng'ambo, maji yanaelekea mto Chambeshi, ziwa Bangweulu, na hatimaye Bahari ya Atlantiki. Ikinyesha upande wetu, yanateremka Ziwa Rukwa, ambalo halina njia ya kutokea. Kwenye ramani ni mpaka safi kabisa. Ardhini ni mbaya, kwa sababu mgongo huo si safu ya milima bali mwinuko mpana uliolala, na mtu anaweza kuuvuka asijue. Mahali pa namna hiyo nguzo ndizo kila kitu, na nguzo zikiwa mbali mbali, nyumba na vibanda vya biashara huziba nafasi iliyobaki. Njia za panya za Tunduma hazitokani na ujanja wa watu peke yake. Umbo la ardhi lenyewe halimzuii mtu.

Kuna mchanganyo mmoja unaorudiwa sana: kituo cha mpakani si mpaka. Tunduma na Nakonde zina kituo cha huduma kwa pamoja kilichozinduliwa rasmi na marais wa nchi zote mbili 2019. Anayetoka Tanzania hukamilisha taratibu za kutoka na za kuingia akiwa Nakonde, na anayetoka Zambia hukamilisha zote Tunduma. Maana yake ofisa wa uhamiaji wa Tanzania anafanya kazi kwenye ardhi ya Zambia, akitumia sheria za Tanzania ndani ya eneo lililokubaliwa kwa kazi hiyo. Mpaka haujasogea hata sentimita moja. Kilichosogea ni dawati. Wala msafiri asisahau saa: Zambia na Malawi ziko nyuma yetu kwa saa nzima, kwa hiyo saa 2 asubuhi ya Tunduma ni saa 1 Nakonde. Tena, Zambia na Malawi haziko katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mfanyabiashara aliyezoea Namanga, mpakani na Kenya, akidhani masharti ni yaleyale atakwama, maana boda hizi zinakwenda kwa taratibu za Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC), na bidhaa isiyo na cheti cha uasili hulipiwa ushuru kama imetoka popote.

Sasa mto. Songwe wa mpaka ni ule unaoshuka Ileje na Kyela hadi Nyasa. Usiuchanganye na Songwe mwingine ulio karibu na uwanja wa ndege wa Mbeya, unaomwaga Rukwa na usiohusika na mpaka wowote wa nchi. Wageni huchanganya, na hata waandishi wa habari.

Mto unapendwa na wachora mipaka kwa kuwa unaonekana na hauhitaji nguzo nyingi. Shida ni kwamba mto haukai. Juu milimani Songwe umebanwa na mabonde, hauna pa kwenda. Ukifika tambarare ya Kyela, karibu na Kasumulu, unapunguza mwendo, unatua mchanga na tope, unapinda, na masika makubwa yakija unakata kona na kufungua njia mpya. Mkulima wa mpunga anaamka shamba lake liko ng'ambo.

Sheria ya kimataifa ina kanuni juu ya hili, na inafaa kuifahamu vizuri. Mto ukila ukingo mmoja na kujaza mwingine taratibu, mwaka baada ya mwaka, mpaka hufuatana nao. Mto ukiuhama mkondo wake ghafla kwa mafuriko, mpaka hubaki pale ulipokuwa mkondo wa zamani, hata kama umekauka na kuota matete. Kanuni ni nyepesi kuisema. Kuthibitisha ndiko kugumu, kwa sababu nani aliandika tarehe? Marekani na Mexico walivutana karibu miaka 100 juu ya Chamizal, kipande cha ardhi kati ya El Paso na Ciudad Juárez, baada ya mto Rio Grande kuhama katika miaka ya 1860. Waliumaliza kwa mkataba wa 1963, na mto ukajengewa mfereji wa zege ili usihame tena. Tanzania na Malawi wameelekea hukohuko kwa njia yao: kwa miaka mingi wamepanga pamoja kuutuliza Songwe kwa kuyadhibiti maji yake, na 2017 walisaini mkataba wa kuunda kamisheni ya pamoja ya bonde la mto huo.

Mtoni kuna swali jingine: mstari uko ukingoni, katikati ya maji, au kwenye kina? Mikataba mingi huchagua mstari wa kina kirefu kuliko vyote, ambao wataalamu huuita talwegi, ili vyombo vya pande zote vipate njia. Na hapa mkataba wetu wa 1890 una ndugu yake wa kusini. Ibara nyingine ya karatasi ileile iliweka mpaka wa iliyokuwa Afrika Kusini-Magharibi ya Wajerumani katikati ya mkondo mkuu wa mto Chobe. Karne moja baadaye Namibia na Botswana waligombea kisiwa ambacho mmoja anakiita Kasikili na mwingine Sedudu, kwa kuwa mto unakizunguka pande mbili. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ililinganisha kina, upana na wingi wa maji, ikasema Desemba 1999 kwamba mkondo mkuu ni wa kaskazini. Kisiwa kikaenda Botswana. Ugomvi mzima ulikuwa juu ya neno "mkuu".

Ziwa Nyasa nalo limelemewa na neno "ufuko". Kwa maandishi ya 1890, mvuvi wa Matema akisukuma mtumbwi kwenda kutafuta mbasa, kasia la kwanza tu limeshamtoa nchini. Wakisi wa Ikombe, wanaosafirisha vyungu vyao kwa maji hadi sokoni Matema, wangekuwa wanapita nchi ya watu kwenda kuuza kwao. Wajerumani wenyewe hawakuishi hivyo. Walikuwa na meli yao ziwani, Hermann von Wissmann, iliyovamiwa na meli ya Waingereza huko Sphinxhaven, Liuli ya leo, Agosti 1914.

Katika ubishi wake na Tanzania juu ya ziwa hilo, Malawi inasimama juu ya maandishi na juu ya azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika lililopitishwa Cairo Julai 1964, kwamba kila nchi iheshimu mipaka iliyokuwepo siku ya uhuru. Malawi ilikuwa imepata uhuru tarehe 6 mwezi huohuo. Tanzania, tangu 1967, inasema mpaka upite katikati ya ziwa. Hoja zake ni kwamba baadhi ya taarifa na ramani za Waingereza enzi za udhamini wao wa Tanganyika zilionyesha mstari katikati; kwamba ibara ya sita ya mkataba uleule iliruhusu kurekebisha mstari kulingana na mahitaji ya mahali; na kwamba mipaka ya ziwani kwa kawaida hugawa maji. Upande wa Msumbiji tayari yamegawanywa: Uingereza na Ureno walikubaliana 1954 mstari wa katikati, visiwa vya Likoma na Chizumulu vikibaki Malawi ingawa viko karibu na pwani ya Msumbiji. Mambo yalichemka upya 2012 baada ya Malawi kutoa vibali vya kutafuta mafuta ziwani, na usuluhishi ukakabidhiwa marais wastaafu wakiongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji. Haujazaa mkataba.

Kwa maoni yangu udhaifu mkubwa wa ufuko kama mpaka ni maji yenyewe, kuliko hata umri wa karatasi. Ziwa hili hupanda na kushuka. Liliwahi kushuka hadi, kati ya 1915 na 1935 hivi, likaacha kutoa maji kwenye mto Shire. Ufuko wa mwaka upi ndio mpaka? Mstari wa katikati nao husogea, lakini hauwahamishi watu nchi wala hauwanyimi maji ya kunywa.

Kwa nini Afrika isingefuta mistari hii na kuanza upya? Kwa sababu kila mstari mpya ungekata watu wengine. Wanyamwanga wako Momba na wako Nakonde. Walambya wako Ileje na wako Chitipa. Wanyakyusa na Wangonde wa Karonga wanasikilizana lugha na wana asili inayokaribiana. Hakuna namna ya kupitisha mstari hapa ukawaweka wote upande mmoja bila kuwaburuta majirani zao. Ndiyo hesabu iliyofanywa Cairo. Somalia na Morocco, zilizodai ardhi ya majirani, hazikukubali. Mahakama ya Kimataifa iliipa hesabu hiyo nguvu 1986 katika kesi ya Burkina Faso na Mali.

Hukumu hiyohiyo ilisema jambo ambalo wabishi wa mitandaoni wangelijua mapema wangepunguza kelele: ramani peke yake haimpi mtu ardhi. Ina uzito ikiwa ni sehemu ya mkataba. Vinginevyo ni ushahidi wa kusaidia tu, wenye nguvu kulingana na nani aliichora na kwa kazi gani. Mstari wa nukta kwenye simu yako hauthibitishi chochote kuhusu Nyasa. Na hadithi ya Malkia Victoria kumzawadia mjukuu wake Kilimanjaro, ambayo hutolewa kama maelezo ya kona ya mpaka wa Kenya, ni porojo; mstari ule ulipatanwa 1886 na ulipitishwa makusudi chini ya mlima upande wa kaskazini.

Aliye na shamba jirani na nguzo ya mpaka asiing'oe, asiifunge ng'ombe, wala asiihamishe hata ikiwa imelala. Atoe taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji, naye aipeleke halmashauri kwa idara ya ardhi. Viwianishi, yaani namba za kuonyesha mahali, vya nguzo zilizopimwa huhifadhiwa na nchi zote mbili, kwa hiyo wapimaji wa pande mbili wakija pamoja wanaweza kuirudisha mahali pake hata kama hakuna aliyebaki anayekumbuka ilisimama wapi. Upande mmoja ukiisimika peke yake, nguzo hiyo haina thamani kisheria hadi jirani aikubali.